Honda iliyorithi barabara za London

Oktoba 1968, katika maonyesho ya magari ya Tokyo, kampuni ya Honda ilionyesha pikipiki ambayo wapinzani wake hawakuwa nayo. Ilikuwa na silinda nne zilizopangwa safu moja, nguvu za farasi 67, breki ya diski mbele, na starta ya umeme iliyomwondolea dereva adha ya kupiga kiki asubuhi. Jina lake CB750. Mwaka uliofuata ikaingia madukani, na mwaka huohuo wa 1969 mkahawa wa Ace Cafe wa London ukafunga milango.

Mambo hayo mawili yanastahili kusimuliwa pamoja. Ace Cafe ulifunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara ya North Circular, ukapigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukajengwa upya mwaka 1949. Madereva wa malori walikula hapo usiku na mchana. Miaka ya 1950 wakajiunga nao vijana wa kazi za mikono, wenye makoti ya ngozi na pikipiki za Triumph, BSA na Norton. Nje ya miji ya Uingereza hakukuwa bado na kikomo cha mwendo, na shabaha yao ilikuwa moja: kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160.

Pikipiki ya dukani ilikuwa nzito mno kwa shabaha hiyo. Wakaivua madigadi, wakabana vipande viwili vifupi vya usukani moja kwa moja kwenye foki za mbele, wakasogeza vikanyagio nyuma ili dereva alale juu ya tangi na upepo umpite mgongoni. Waliokuwa na ujuzi zaidi walichukua injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless. Mchanganyiko huo ukaitwa Triton. Hiyo ndiyo asili ya kafe resa, yaani pikipiki ya mbio ya vijana wa mkahawani: kilichoondolewa kiliondolewa kwa sababu kilipunguza mwendo, si kwa ajili ya picha.

Wengi wa vijana hao waliziona pikipiki za Japani kuwa vitu vya kuendea sokoni. Lakini Honda ilikwisha kupeleka timu kwenye mashindano ya kisiwa cha Man mwaka 1959, na mwaka 1961 Mwingereza Mike Hailwood akashinda huko mbio mbili, za cc 125 na cc 250, akiwa juu ya Honda. CB750 nayo ilishinda Bol d'Or, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka uleule ilipotoka. Mwaka 1970 Dick Mann akaipa ushindi wa mbio za Daytona, Marekani. Mwaka 1975 Honda ikaleta CB400F, yenye usukani mfupi ulionyooka na mabomba manne ya moshi yaliyopinda pamoja na kuungana kuwa moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo kafe resa nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kiwandani.

Leo Honda hizo, pamoja na Yamaha XS650 na hata Honda CX500 waliyoitumia sana matarishi wa London, ndizo zinazojaa kwenye gereji za wapenda mtindo huu. Sababu kubwa ni namna injini zilivyotengenezwa. Waingereza walipasua sanduku la injini kwa wima, na oili ikapenya kwenye maungio. Honda ililipasua kwa ulalo, na oili ikabaki ndani. Ndiyo maana CB750 iliyolala bandani miaka ishirini mara nyingi bado inaweza kufufuliwa.

Kazi huanzia kwenye kabureta. Kwenye CB750 ziko nne, na petroli iliyokaukia ndani hugeuka gamba la rangi ya asali linaloziba jeti zenye tundu jembamba kama unywele. Zikishasafishwa lazima zilinganishwe kwa vipimo vya mvuto wa hewa, la sivyo silinda moja hubebwa na nyingine. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanalitupa boksi la chujio la hewa na kuweka vichujio vidogo vinavyopendeza macho. Hewa inazidi, petroli inapungua, injini inachemka na kukohoa. Wengine wanataka nafasi tupu chini ya kiti, ilhali hapo ndipo Honda iliweka betri na tangi la oili.

Na kuna grenda. Fremu ikishakatwa nyuma ya shokomzoba, ile ya kiwandani haipo tena. CB750 7,414 za mwanzo, zenye injini za uso wa kukwaruza, sasa ni hazina inayotafutwa na wakusanyaji. Kukata moja ya hizo ni kosa, hata mkono wa fundi uwe hodari namna gani.

Basi wewe uliyepata pikipiki ya zamani, soma kwanza namba za fremu na injini. Ikiwa nzima na ya nadra, irejeshe kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa imekwisha kupoteza vipande vyake, ibadilishe bila woga, lakini anza na breki, foki na kabureta. Kiti kifupi kije mwisho, na kila ulichokifungua kiweke sandukuni.