Kabla ya Kuzika Karatasi

Maandishi ya kale kuliko yote ninayoyajua katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, hayakuandikwa kwa wino. Yamekwaruzwa ukutani, kwenye kibla cha msikiti uliobomoka wa Msuka: mwaka 816 wa Hijra, ambao kwa Miladi ni 1413 au 1414. Nilifundisha historia skuli za huku mpaka nilipostaafu, na kila mwaka nilianza somo kwa tarehe hiyo. Nilitaka watoto wajue kwamba kabla Mreno hajaiona bahari hii, pwani yao ilikuwa na mtu ajuaye kuandika na mwenye sababu ya kuandika.

Ukitoka Msuka ukashuka Tumbe, utafika kwenye magofu ya Chwaka, lilipo kaburi la Haruni, ambaye wazee hutuambia ni mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba huko na kuonesha kwamba Tumbe kulikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, kisha mji wa Chwaka ukainuka karne ya 11 na kudumu hadi karibu na kuja kwa Wareno. Miaka mia tisa ya watu kuishi, kuvua, kulima, kuswali na kuzikana, na karatasi yao hata moja haikutufikia. Tunayoyajua tumeyapata kwenye vigae, shanga na mawe ya misikiti.

Karatasi zilizosalia za nchi yetu ziko Unguja, Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1956. Mtu wa Micheweni anayetaka kuifikia husafiri kisiwa kizima hadi bandari ya Mkoani, akapanda boti, na akifika lazima ajue anachokitafuta, kwa sababu pale huombi kitabu kwa jina la mwandishi. Unaomba jalada kwa herufi na namba. Nilikwenda nikiwa bado mwalimu, na nikarudi tena baada ya kustaafu. Mtu akiniuliza hazina ya Zanzibar iko wapi, simwelekezi kwenye majumba ya masultani. Namwelekeza Kilimani. Humo mna barua za Waarabu na za mabalozi, magazeti tangu lile Gazette la 1892, na vitabu vilivyopigwa chapa na mtambo wa Sultani Sayyid Barghash, alioufungua karibu na 1880 ili kuchapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Mwaka 2003 UNESCO iliutia mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Kilimani katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Habari hiyo ilistahili kusomwa katika kila skuli ya Pemba. Skulini kwetu sikusikia aliyeisoma.

Kilichonishika zaidi ni majalada ya utumwa na ya mahakama. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa, lakini uhuru haukumfuata mtu nyumbani kwake. Ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kuuomba, na akikubaliwa apewe cheti. Masuria hawakuhesabiwa, wao walingoja hadi 1909. Kwa hiyo Pemba, kisiwa ambacho sifa yake yote ulimwenguni ilikuwa karafuu, iliacha nyuma karatasi za watu ambao katika vitabu vya wasafiri hawana hata jina: nani aliomba, bwana wake nani, shamba gani. Elisabeth McMahon, mwanahistoria Mmarekani, alikaa na kesi na mirathi za Pemba na mwaka 2013 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi waliokuwa watumwa walivyojijengea heshima kwa jirani zao: kwa kushuhudia kortini, kwa kuaminiwa mkopo, kwa kuzikwa na watu. Nilipokisoma nilijua kwamba masikini wa Pemba ana historia, na kwamba karani mmoja aliyeandika vizuri anaweza kumtetea mtu zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona pengo. Chake Chake imo, Wete imo, Mkoani imo. Micheweni hutajwa kwa kupita. Sababu naiona wazi. Kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuilisha dunia karafuu, na tangu hapo serikali ilikwenda na kalamu yake pale penye mikarafuu. Upande wetu wa mashariki ni mawe. Mkarafuu haukubali kwenye ardhi ya maweni. Watu wetu walivua, walifuga ng'ombe, walipanda mtama na muhogo, na msimu ukifika walikwenda kuchuma kwenye mashamba ya wenzao. Serikali huandika penye ushuru. Mchumaji anayerudi Kiuyu na pesa zake za pishi hana jalada.

Ndiyo maana naamini kwamba nyaraka za Micheweni haziko Kilimani. Ziko majumbani mwetu, ndani ya makasha, juu ya dari, nyuma ya rafu za msikiti. Nimeona kwa macho yangu mas-hafu ya mkono yenye wino mwekundu kwenye vituo, Maulidi ya Barzanji yenye majina ya waliokuwa wakiisoma, vitabu vya falaki na vya tiba, hati za rahani, barua kutoka Mombasa zenye salamu ukurasa mzima kabla ya neno lenyewe. Nyingi ni Kiswahili kwa harufi za Kiarabu. Babu zetu waliandikiana hivyo. Sisi tuliotiwa skuli tukafundishwa harufi za Kizungu, na Kiswahili cha kitabuni kilikuwa kile cha Unguja kilichosanifishwa na Kamati ya Lugha baada ya 1930. Leo kijana wa Micheweni anaweza kusoma Qurani yote kwa tajwidi na asiweze kusoma barua ya babu yake, maana hakuna aliyemwonesha jinsi "p", "ch" na "ng'" zilivyokuwa zikiandikwa.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo baadhi ya masheikh wetu hawatalipenda. Tunayo desturi njema: karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani. Ikichakaa huzikwa mahali safi, au huchomwa na majivu yake kutiwa baharini. Desturi hiyo naiheshimu na nimelelewa nayo. Tatizo ni kwamba mjukuu asiyejua kusoma harufi hizo kwa Kiswahili huziona zote kuwa ni dini. Mzee akifa, nyumba hufagiliwa, na kwenye shimo moja huingia juzuu iliyoliwa na mchwa, shairi la mahaba, hesabu ya deni la nyavu na waraka wa ndoa wa 1910. Vyote vinazikwa kwa adabu. Mchwa na masika wametuharibia karatasi nyingi, lakini hofu yangu kubwa zaidi ni sisi wenyewe, tunaozipoteza kwa ucha Mungu na kutojua.

Tunajua tumenusurika wapi. Malenga wa Pemba wa zamani, Kamange na Sarahani, tunaweza kuwasoma leo kwa sababu walikuwapo watu waliozikusanya tungo zao, na mwaka 2011 zikatoka kitabuni chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Vita vya Mazrui wa Mombasa, waliokitawala kisiwa hiki mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1820, tunavisoma kwa kalamu ya mmoja wao, Sheikh al-Amin bin Ali, aliyefariki 1947. Mswada wake ulingoja hadi 1995 kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Umbali kati ya kusomwa na kusahauliwa ulikuwa kasha moja lililotunzwa.

Najua kwa nini watu wetu wanasita. Wapo waliowahi kuazima kitabu kwa mgeni na hakikurudi. Wapo ambao baada ya Mapinduzi ya 1964 waliona karatasi yenye jina la ukoo ni hatari kukaa nayo. Siwalaumu. Lakini sasa hakuna haja ya kitabu kutoka nyumbani. Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha, miswada ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza ya nyaraka zilizo hatarini. Picha zinasomwa popote duniani. Vitabu vyenyewe viko Lamu, mikononi mwa wenyewe. Hilo linawezekana Micheweni, Wingwi, Tumbe, Konde na Maziwa Ng'ombe.

Nyaraka za Taifa nazo nazisihi zifanye mawili. Nakala za majalada yanayoihusu Pemba ziletwe Pemba, ziwekwe Chake Chake ambako mwanafunzi anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Na atumwe mtu ajuaye Kiswahili cha harufi za Kiarabu, apite vijijini pamoja na masheha na maimamu, akae na wenye makasha. Radio yetu ya jamii hapa Micheweni ingeitangaza safari hiyo kwa wiki moja na kila mtu angejua.

Wewe unayesoma, ukiwa na kasha la mzee nyumbani, usilizike kabla hujamwita mtu anayejua kulisoma. Piga picha kila ukurasa kwa simu yako, mchana, kwenye mwanga wa mlangoni. Andika jina la mwenye kasha, kijiji na mwaka. Kisha kama ni la kuzikwa, lizike.