Msingi wa tangi la maji

Msingi wa tangi la maji ni sehemu ya ardhi iliyotayarishwa ili kubeba tangi, hasa tangi la plastiki linalowekwa uani. Kazi yake ni kusambaza uzito sawasawa ili tangi lisititie upande mmoja, lisipasuke wala kuanguka.

Uzito

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilogramu 1 hivi. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa huwa na tani 5 za maji. Kila mita 1 ya kina cha maji huongeza tani 1 juu ya kila mita ya mraba ya msingi.

Udongo

Udongo wa juu wenye majani na mizizi huondolewa, kwa kuwa mizizi ikioza huacha mashimo. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Huchimbwa, na nafasi yake hujazwa changarawe inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Ujenzi

Juu yake humwagwa zege la saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4, lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 na wavu wa nondo ndani yake. Usawa hukaguliwa kwa pima maji. Zege humwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida siku ya 28.

Msingi huwa mpana kuliko kitako cha tangi. Kitako kikining'inia ukingoni au kikikalia jiwe, plastiki huweza kupasuka. Maji ya mvua huelekezwa mbali yasije yakachimba udongo chini ya zege.