Mpira wa Usambara: Zao Lililokosa Mkulima

Mponde, huko Bumbuli, ni nchi ya chai. Atakayepeleka huko hoja ya kupanda mpira atachekwa, na watakaomcheka watakuwa na haki: mti wa Hevea hutaka joto na mvua nyingi, na hudhoofika kadiri shamba linavyopanda mlima. Lakini ukishuka kutoka Bumbuli hadi bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, kisha ukaelekea Muheza, unaingia katika ukanda ulioufanya mpira kuwa miongoni mwa mazao makuu ya koloni la Wajerumani. Zao hilo lilianguka, na jibu lililozoeleka ni kwamba liliangushwa na bei ya dunia. Hiyo ni nusu ya kweli. Bei iliweza kuliangusha kwa sababu lilipangwa kwa namna isiyostahimili bei kushuka, na mpango huohuo tumeurudia baadaye kwa mikono yetu.

Mti waliopanda walowezi haukuwa Hevea bali mpira wa Ceará, jamaa wa muhogo kutoka Brazili. Ulivumilia ukame, ukakua upesi, na wenye mashamba wakauona ni njia fupi ya utajiri. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilikuwa jirani, na reli ya kutoka Tanga ilikuwa ikisonga mbele kuelekea Mombo. Mwaka 1910 bei ilipaa hadi kupita shilingi 12 kwa ratili katika soko la London, na makampuni ya Uingereza yakanunua mashamba ya Tanga kwa pupa. Miaka mitatu baadaye bei ilikuwa chini ya theluthi ya hiyo. Hevea ya Malaya na Ceylon, iliyotokana na mbegu ambazo Henry Wickham alizitoa Brazili mwaka 1876, ilikuwa imekomaa na kufurika sokoni. Mti wa Ceará hutoa utomvu kidogo na hudai vibarua wengi, ambao walowezi walikuwa wakiwagombea na wenye mkonge. Mlowezi mwenye deni na mishahara ya kulipa hakuwa na pa kukimbilia. Urithi wenye manufaa zaidi ulibaki kwingine kabisa: Amani, chini ya Waingereza, mti huo ulichanganywa na muhogo ili kupata mbegu zinazohimili magonjwa ya virusi, na wakazi wa Pwani bado wanapika kisamvu cha mpira.

Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliyarudia mashamba yale ya zamani na kuyagema kwa nguvukazi ya kulazimishwa. Vita vilipokwisha, yakasahaulika tena. Baada ya uhuru ilikuja Hevea yenyewe, katika mashamba ya umma ya Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero, na mteja aliyetarajiwa alikuwa kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha. Kiwanda kiliposimama, mashamba yakabaki bila mnunuzi wa nyumbani. Mwenye mali amebadilika, kutoka mlowezi hadi serikali; umbo ni lilelile la shamba kubwa lenye wagemaji wa mshahara na tegemeo moja la soko.

Hapo ndipo Mponde inapoingia. Wengine watasema mkulima mdogo ataumizwa na mpira kama alivyoumizwa na chai, kwani kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro, majani yaliozea shambani, na hata serikali ilipokitwaa tena mwaka 2016 hasara ile haikufidiwa kwa siku moja. Pingamizi hili ni zito, ila linasahau tofauti ya mazao yenyewe. Jani bichi la chai lazima liingie kiwandani ndani ya saa chache. Utomvu hugandishwa kwa asidi palepale kijijini, hupitishwa kwenye roli za mkono, hukaushwa kwa moshi, kisha hungoja mnunuzi kwa miezi. Ndiyo maana Thailand na Indonesia hutegemea wakulima wadogo kwa sehemu kubwa ya mpira wao, na Côte d'Ivoire imefuata njia hiyo hadi kuwa ya kwanza Afrika. Bei ikianguka, mwenye ekari mbili huacha kugema, akala ndizi zake. Mti haufi kwa kupumzishwa. Wanaosema mpira wa viwandani umeua ule wa shambani waulize matairi ya ndege na malori hutengenezwa kwa nini.

Ugumu wa kweli ni kungoja: miaka sita au saba kabla ya tone la kwanza. Mahindi na maharage kati ya mistari huziba miaka mitatu hivi ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga. Iliyobaki inahitaji mkopo wa riba nafuu, na bila huo hakuna mkulima wa Muheza atakayeng'oa michungwa yake. Kwa hiyo Kihuhwi isipewe mwekezaji mwingine wa kuja kugema na kuondoka. Igeuzwe kitalu cha miche na darasa la kugema, na vyama vya ushirika vya vijiji vinavyoizunguka vipewe roli na mabanda ya moshi kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumzia kiwanda kipya cha matairi.