Wasiwasi na Hofu: Kipi Hurithiwa na Kipi Hufunzwa

Inapoletwa posa visiwani kwetu haziulizwi dini na tabia peke yake. Huulizwa pia, kwa sauti ya chini, kama ukoo ule una "maradhi ya akili". Bibi asiyeweza kulala peke yake, mjomba aliyeapa kutopanda tena chombo, dada anayerudia udhu mpaka wakati wa swala unamtoka: wote hutiwa katika kapu moja, na kizazi kizima kikahukumiwa kwa ajili yao. Tumeona tueleze hapa yanayojulikana kuhusu urithi wa wasiwasi, kwa sababu aina zake ni nyingi na chanzo chake si kimoja.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kuhusu masilahi ya miili na ya nafsi, na humo akaipa ghadhabu mlango wake, huzuni mlango wake, hofu na fazaa mlango wake, na wasiwasi wa moyoni mlango wake. Alipofika kwenye huzuni aliitenga ile yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, akaihusisha hii ya pili na hali ya mwili.

Leo njia kuu ya kupima urithi ni kuwatazama mapacha. Mapacha wa kufanana kabisa wana jeni zilezile, yaani maagizo yaleyale ya mwili yanayotoka kwa baba na mama. Mapacha wasiofanana wanachangia kiasi cha nusu tu ya zile jeni zinazotofautiana baina ya watu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Ikiwa wasiwasi unawapata wote wawili mara nyingi zaidi kwa mapacha wa kufanana, basi urithi una sehemu yake. Kwa hesabu hiyo, wasiwasi wa kila jambo (wa mtu anayehangaikia ada, mvua, afya na safari kwa pamoja, miezi kwa miezi) urithi wake umekadiriwa kuwa kama asilimia 30. Ule mshtuko wa ghafla, ambao moyo hupiga mbio na mtu akadhani roho inamtoka, ni kama asilimia 40.

Hapa watu wengi hukosea. Asilimia 30 haina maana kwamba sehemu hiyo ya wasiwasi wa binti yako imetoka kwako. Ni kipimo cha tofauti baina ya watu katika jamii nzima, wala hakimsemi mtu mmoja mmoja. Tena hakuna jeni moja ya wasiwasi. Mwaka 1996 palitangazwa jeni moja inayohusika na kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, na wengi wakadhani siri imefichuka. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikuona nguvu iliyodhaniwa. Kinachorithiwa ni mchango mdogo mdogo wa jeni nyingi mno.

Sasa turudi kwenye posa. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye maradhi ya mshtuko wa ghafla ana uwezekano mkubwa kuliko mtu mwingine wa kuyapata, mara nne au tano hivi. Linatisha likisemwa hivyo. Lakini kwa idadi ni karibu mtu mmoja katika kumi, na tisa waliobaki hawayapati. Kumkataa kijana mwema kwa hesabu hii, kwa maoni yetu, ni kumdhulumu.

Hofu ya damu na sindano ni ya peke yake. Katika hofu nyingine shinikizo la damu hupanda. Katika hii hupanda kidogo kisha likaporomoka ghafla, na mtu akazimia. Huonekana sana katika familia moja, baba, mwana na mjukuu. Basi anayeanguka akichomwa sindano si mwoga wala hadeki. Afundishwe kukaza misuli ya mikono na miguu kabla ya kuchomwa, ili shinikizo lisishuke. Njia hii imejaribiwa na inasaidia.

Upande wa mazingira, mfano ulio karibu nasi ni bahari. Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam. Aliyenusurika katika msiba wa namna hiyo, akawa anaota maji na hawezi kusikia honi ya boti, halazimiki kutafutiwa babu aliyekuwa hivyo. Marekani walipimwa mapacha wa kufanana jozi 715, mmoja alipelekwa katika vita vya Vietnam na mwenzake hakupelekwa. Maradhi yanayofuata mshtuko mkubwa yalikutwa kwa karibu asilimia 17 ya waliokwenda, na asilimia 5 ya waliobaki. Jeni ni zilezile, yaliyowapata ndiyo yaliyotofautiana. Hata hivyo, wengi wa waliokwenda hawakupata maradhi hayo, na katika tofauti hiyo urithi nao una sehemu yake.

Kuna pia hofu inayofunzwa kwa macho. Nyani waliozaliwa ndani ya maabara hawakuwa wakiogopa nyoka mpaka walipowaona nyani wa porini wakiogopa; baada ya hapo wakaogopa nao. Walipoonyeshwa picha zilizotengenezwa ili nyani aonekane anaogopa ua, hawakujifunza kuogopa ua. Maumbile yameuacha mlango wazi kwa vitu fulani, na mwenye kuupitisha woga humo ni mkubwa anayetazamwa.

Kwa wazazi hili ndilo zito. Utafiti uliochapishwa 2015 ulizitazama familia za mapacha wa Uswidi. Mtoto wa pacha wa kufanana ana uhusiano wa jeni na ami au khalati yake sawa na alionao na mzazi wake. Ingekuwa ni jeni tu, wasiwasi wake ungefanana na wa wote wawili. Ukakutwa unaambatana na wa mzazi anayeishi naye. Si kwamba mama alaumiwe. Mtoto mwenye wasiwasi naye humtia mzazi wasiwasi. Lakini inaonyesha kuwa mlango uko ndani ya nyumba, na unafungika.

Nao wasiwasi wa udhu, niya na najisi, wa kuhesabu na kurudia, wataalamu wa Marekani waliutoa katika kundi la maradhi ya hofu mwaka 2013 wakauwekea kundi lake. Unaoanza utotoni huonyesha urithi mzito zaidi. Kumwambia mgonjwa "imani yako ndogo" ni kumzidishia mzigo. Kanuni ya mafakihi kwamba yakini haiondoshwi na shaka inakwenda sambamba na tiba ya hospitali: mgonjwa huzoezwa, kwa hatua, kuiacha shaka ipite bila kurudia.

Na kahawa ya barazani tusiisahau. Wako watu ambao vikombe viwili huwapandisha wasiwasi na wengine hawahisi kitu, na tofauti hiyo kwa sehemu imehusishwa na jeni. Mwenye moyo wa kupapa ajaribu kuipunguza kwanza.

Mtoto mwenye haya na woga asilazimishwe kwa ukali, wala asiepushwe na kila kinachomtisha. Anayeogopa chuoni asindikizwe mpaka mlangoni leo, kesho akae kidogo, wiki ijayo abaki. Na mtu mzima ambaye hofu imemzuia kazi, usingizi au ibada kwa wiki kadhaa aende hospitali, apimwe na tezi ya shingo pia, maana ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo na jasho lilelile. Dua na ruqya viendelee. Havizuii dawa, na dawa haivizuii.