Msuli Uliopwelewa

Ukifika Nyamisati, kwenye delta iliyoko Kibiti, maji yakiwa yamepwa, utakuta madau yamelala ubavu juu ya tope. Mgeni hudhani yametelekezwa. Mwenyeji wa delta hasemi dau limekufa, husema limepwelewa. Chombo ni kizima, kilichokosekana ni maji.

Neno hilo nataka kulipeleka hospitali, maana kuna istilahi mbili za moyo zinazotusumbua kuzieleza kwa Kiswahili.

Ya kwanza ni kipimo cha stresi ya moyo. Stresi tumezoea kuiita msongo wa mawazo, kwa hiyo mgonjwa akisikia anapimwa “msongo” atajiandaa kueleza ya nyumbani: mkopo, ndoa, ada za watoto. Kumbe anayehojiwa ni moyo, na unahojiwa kwa kazi. Mtu hutembezwa juu ya mkanda wa mashine, nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zikiwa kifuani. Katika utaratibu wa daktari Robert Bruce wa Marekani, uliotangazwa mwaka 1963, mkanda huanza na mwendo wa kama kilomita 2.7 kwa saa, umeinuliwa kwa asilimia 10. Kila baada ya dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Ndiyo maana mimi nakiita kipimo cha moyo kazini. Dau nalo huweza kuficha ubovu wake mpaka siku litakapopakiwa boriti za mikoko.

Aliyepatwa na shambulio la moyo hasukumwi kwenye mkanda siku hiyohiyo, husubiriwa atulie. Kisha daktari hutaka kujua: sehemu ya msuli isiyocheza imekuwa kovu, au i hai ila imenyimwa damu? Hapo inaweza kutumika dawa ya dobutamini, inayoutia moyo kazini mtu akiwa amelala, huku mashine ya eko ikionyesha picha za moyo. Dozi ndogo ikiifanya sehemu iliyozubaa ianze kujikunja, uhai upo. Dozi ikipandishwa, sehemu hiyo ikalegea tena, ni dalili kwamba damu haitoshi, na mshipa ukizibuliwa huenda ikarudi kazini. Isiyotikisika kabisa huenda ni kovu.

Msuli huo ulio hai bila kufanya kazi ndio istilahi ya pili. Kiingereza kimeuita kwa mfano wa mnyama anayelala majira yote ya baridi. Kibiti nani kamwona dubu? Tukisema “uliolala”, ndugu wa mgonjwa watangoja uamke wenyewe. “Uliokufa ganzi” unaanza na kifo. Uliopwelewa unatosha: u hai, umekosa mkondo, mkondo ukirudi utaelea.

Mfano una mpaka wake. Maji ya delta hujaa yenyewe mara mbili kwa siku. Mshipa ulioziba husubiri mkono wa mtu. Na dau likikaa topeni mno, mbao huoza. Msuli nao ukikosa damu muda mrefu huishia kuwa kovu. Kwa mtu wa Salale, huko deltani, safari ya kuufuata mkono huo wa kuzibua mshipa ni ya kuvuka maji, kisha barabara ya Kilwa hadi Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili.

Huko daktari akimwambia, “Mzee wangu, msuli wako umepwelewa,” hataomba afafanuliwe. Atauliza maji yatajaa lini, na hilo ndilo swali linalopaswa kuulizwa.