Jeraha la Frodo na mzigo wa babu

Kwenye kipindi kilichopita tuligusia suala la wahusika wetu kupata majeraha yasiyopona, halafu muda ukatuishia. Niliahidi kuandika kilichobaki, na ndicho hiki.

Kwa ambao hamjasikiliza: kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, sisi watano tunakutana kwangu hapa Tyseley, nyuma ya Warwick Road, tunacheza RPG. Yaani meza, kete, karatasi, na mtu mmoja wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake, na karatasi ya mhusika inaonyesha uwezo wake, mali yake na pointi zake za uhai. Ukipigwa zinapungua. Zikiisha unaweza kufa. Mwaka huu msimulizi ni mimi, na nilichagua Vita Kuu ya Kwanza kule Afrika Mashariki. Tulichukua sheria za D&D toleo la tano, tukabadilisha mapanga yakawa bunduki, tukaanza.

Mwezi wa pili baba alikuja kunirekebishia sinki. Alipomaliza akaketi mezani na chai yake, akaokota karatasi moja.

"Huyu jana si alipigwa risasi ya paja?"

"Ndiyo, Baba."

"Na leo anatembea?"

"Amelala usiku mzima. Ukipumzika masaa nane, pointi zote zinarudi."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akageuza karatasi. Kule nyuma, kwenye orodha ya mali, nilikuwa nimeandika: bunduki 2, mahema 6, wapagazi 40.

"Na hawa arobaini wanaitwa nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nina digrii ya historia, na sikuwa na jibu.

Basi nikaanza kuchimba. Hii sheria ya kupona usiku mmoja imetoka wapi?

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani wawili waliokuwa wakicheza gemu za vita kwa sanamu ndogo. Kwenye gemu zile askari akipigwa anaondolewa mezani, basi. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda kuwapoteza wahusika wao kwa pigo moja, kwa hiyo akaazima wazo kutoka sheria zake za vita vya meli za chuma. Meli inapigwa mara nyingi kabla ya kuzama. Hapo ndipo pointi za uhai zilipoanzia. Ukifikiria, ni mantiki ya meli kweli: inatobolewa, inarudi bandarini, inazibwa, inaondoka ikiwa vilevile. Meli haishtuki usiku. Mwanzoni kupona kulichukua siku nyingi. Kwenye toleo la tano la 2014 ndiyo ikawa masaa nane.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba gemu hiyo ilikopa viumbe wengi kwa mtu ambaye angeweza kuwafundisha vingine, na mtu huyo alikulia jirani na hapa. Mto Cole unaopita Tyseley unapita kwanza Sarehole, chini ya maili mbili kutoka kwangu. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, aliletwa Uingereza akiwa mdogo na kuishi Sarehole kuanzia 1896 hadi 1900. Mwaka 1916 alikuwa ofisa wa mawasiliano kwenye vita vya Somme. Akaugua homa ya mahandaki, na Novemba mwaka huohuo akalazwa hospitali hapahapa Birmingham. Kwenye kundi la marafiki zake wanne wa shule, wawili walikufa mwaka ule.

Sasa msome Frodo. Anachomwa kisu na adui katikati ya safari, anatibiwa, anamaliza kazi, anarudi kijijini kwake. Kila mwaka tarehe ileile, 6 Oktoba, jeraha linamrudia. Wenzake wanaoa, wanapata watoto na vyeo. Yeye hawezi kukaa tena, mwishowe anaondoka. D&D ilichukua hobiti (ikabidi ibadilishe jina kwa sababu ya wanasheria), ikachukua elfu na orki. Jeraha ikaliacha.

Wengine walikuja kuliokota. Mwaka 1980 madaktari wa akili Marekani waliingiza PTSD kwenye mwongozo wao rasmi wa magonjwa. Mwaka uliofuata Sandy Petersen akatoa Call of Cthulhu, ambamo mhusika ana pointi za akili timamu zinazoliwa na mambo anayoyaona. Mwaka 1998 Unknown Armies ikaongeza jambo ambalo kwangu ni la kweli zaidi: ukiona ukatili unaweza kuvunjika, lakini pia unaweza kuzoea, na kuzoea nako ni jeraha. Blades in the Dark ya 2017 inakupa neno moja kila unapozidiwa, kwa mfano umekuwa mkali, au mwenye mashaka, au unaandamwa na yaliyopita. Neno halifutwi. Yakifika manne, mhusika anastaafu.

Lakini swali la baba lilikuwa bado lipo. Sheria zote hizi ni za kina nani? Ni za wahusika wakuu. Mwongozo wa msimulizi wa D&D wa 1979 una orodha ya watu wa kukodi, na wapagazi wamo, na bei yao. Hata gemu nzuri kuhusu kiwewe zinaweza kumwacha aliyebeba hema.

Na vita vyenyewe vilifanya hivyohivyo. Waingereza peke yao waliajiri na kukamata wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja. Kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina Kariakoo pale Dar es Salaam. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar mwaka 1927 ina maandishi ya Kipling yanayoahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Majina hayakuandikwa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Mwili haukuandikwa, na akili nayo ikakanushwa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J.C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, akadai kwamba huzuni ya kuugua ni nadra kwetu. Yaani kwenye kitabu chake sisi tuliandikwa kama meli.

Nilimsomea baba hayo kwenye simu. Akanyamaza, halafu akaniambia jambo ambalo miaka thelathini na kitu sikuwahi kulisikia. Babu yake, Mgogo wa upande wa Dodoma, alichukuliwa kubeba mizigo mwaka 1917. Wapagazi walipewa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, mara nyingi haukuiva, na kuhara damu kukawaua kwa maelfu. Yeye alirudi. Alikuta nyumbani njaa ya Mtunya, kwa sababu jeshi lilichukua wanaume, ng'ombe na nafaka, kisha mvua ikakosa. Tangu hapo mpaka anakufa hakuonja tena ugali wa mahindi. Ukiupika karibu yake, anatoka nje, anakaa kwenye jiwe mpaka watu wamalize kula. Watoto walidhani ana maringo.

Tukabadilisha sheria. Usiku mmoja hauponyi tena. Kila mhusika ana nafasi tatu za makovu, na kovu halifutwi. Halipunguzi namba kwenye kete, linasema tu utafanya nini: hulali ndani, humwamini mtu wa sare, huli kitu fulani. Na haliandiki mwenyewe, analiandika jirani yako wa mezani, kwa sababu nyumbani ndio wanaoliona kwanza. Kila baada ya safari kuna kikao kimoja cha kurudi nyumbani, bila vita.

Kikao cha kwanza cha aina hiyo hatukukimaliza. Rafiki yetu ambaye wazazi wake walitoka Bukavu aligusa kadi ya X, ile tunayoweka katikati ili yeyote asimamishe mchezo bila kuulizwa. Tukasimama, tukala. Kwa kweli niliwaza tuache gemu nzima. Ni yeye aliyesema tuendelee, ila sehemu ya kijiji kinachochomwa tuipite kwa sentensi moja. Tunafanya hivyo.

Wapagazi arobaini sasa wana majina, tumeyatunga. Juzi baba akauliza kama nafasi moja anaweza kuandikwa babu yake. Nikasita. Jina la kweli likiwa mezani, kete zikikataa, nitamwambia nini?

"Mwandike," akasema. "Ila huyo anarudi. Tunajua alirudi."

Nimemwandika. Pointi za uhai sikumpa, hazihitaji. Nimemwandikia kovu lake tu, kwa mkono wangu, maana jirani yake ni mimi.