Uwanja wa Ndege za Vita wa Eastleigh, 1940–1982

Neno ndege lilikuwa jina la kiumbe mwenye mbawa kabla ya kupewa chombo cha kuruka angani. Kwa wakazi wa Nairobi maana hiyo ya pili ilikuja na sura mbili: ndege ya abiria na barua, na ndege ya kutupa mabomu.

Sura ya kwanza ilionekana jirani na Kibera. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na jina lake ndilo ulilopewa uwanja wa karibu na Kibera mwaka 1962. Vita vikuu vya pili vilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani wa kampuni hiyo walitwaliwa kwa kazi ya jeshi. Sura ya pili ilionekana upande wa mashariki, katika mbuga tambarare za Eastleigh, ambako jeshi la anga la Uingereza lilifanya makao yake.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Kesho yake ndege aina ya Junkers za jeshi la anga la Afrika Kusini zilipaa kutoka Eastleigh, zikashambulia kambi za Waitalia karibu na Moyale. Ndege hizo ziliundwa Ujerumani, na kabla ya vita zilikuwa zikichukua abiria. Waitalia nao walilipiza kwa kutupa mabomu Wajir. Majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Mogadishu mwezi Februari 1941 na Addis Ababa mwezi Aprili. Katika vita hivyo uwanja ulimlenga adui aliyekuwa ng'ambo ya mpaka.

Askari wa King's African Rifles walipigana katika vita hivyohivyo, na historia ya Kibera haitengani na jeshi hilo. Wanubi, waliolitumikia tangu mwanzo wa utawala wa Kiingereza, ndio waliopaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eka 4,197 za Kibera zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Hata hivyo, utumishi wao haukuwapa hati ya kumiliki ardhi.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mabomu yalielekezwa ndani ya nchi. Mwaka 1953 ndege ndogo aina ya Harvard, ambazo kwa asili ni za kufundishia marubani, zilifungwa mabomu madogo na kutumwa juu ya misitu kutoka Thika, kisha Mweiga. Kuanzia Novemba mwaka huo ndege kubwa aina ya Lincoln, zenye injini nne, ziliwekwa Eastleigh kwa zamu ya vikosi hadi mwaka 1955. Shabaha yao ilikuwa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Ndege nyingine zilibeba vipaza sauti na karatasi za kuwataka wapiganaji wajisalimishe. Hivyo mbingu ileile ilishusha maneno na moto.

Kwa wazee wa Kawangware jambo hili halikuwa habari ya mbali. Eneo la Dagoretti lilikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu, nao waliokuwa msituni walikuwa jamaa na majirani. Wala mabomu hayakumaliza vita. Yaliangusha miti na kujeruhi tembo na nyati, lakini Dedan Kimathi alikamatwa ardhini, tarehe 21 Oktoba 1956, baada ya ndege za Lincoln kuondoka.

Baada ya uhuru uwanja ulikabidhiwa jeshi la anga la Kenya, lililoundwa mwaka 1964. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi hilo walijaribu kuipindua serikali, na Eastleigh ilikuwa miongoni mwa vituo vyao. Marubani walioshurutishwa kwa bunduki kuruka kutoka Nanyuki wakashambulie Nairobi walikwenda kuyatupa mabomu yao katika msitu wa Mlima Kenya. Msitu uliopigwa zamani kwa amri ya wakoloni, safari hii ulipokea mabomu ili watu wa mjini wasalimike. Uwanja wenyewe ulipewa baadaye jina la Moi Air Base.

Leo mbuga za Eastleigh zimemezwa na mji. Mwezi Juni 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hati ya eka 288, sehemu ndogo ya zile 4,197. Ukiulinganisha uwanja na makazi hayo, utaona kwamba dola ilijua upesi sana mahali pa kuzilaza ndege zake, lakini ilichukua karibu karne nzima kukiri mahali pa kulala askari wake. Aidha, historia ya Eastleigh inafundisha kwamba silaha iliyowekwa kuulinda mpaka haikawii kugeuzwa kuwaelekea walio ndani yake. Mwenye nyumba na aangalie mkuki wake umeelekea wapi.